Plota Kwanza, Printa Baadaye: Namna ya Kuchagua Mashine za Duka la Mabango na Stika

Hapa dukani kwangu Morogoro haupiti mwezi bila kijana kuingia, kusimama pembeni ya printa, kuitazama hedi, kile kichwa kinachonyunyiza wino, inavyokwenda na kurudi, kisha kuuliza: "Shikamoo kaka. Mashine kama hii inauzwaje?" Nami humjibu kwa swali: "Mwezi uliopita ulipeleka mita ngapi za fleksi, ile plastiki ya mabango, kuchapishwa kwa watu?" Wengi hawana jibu. Wana mtaji, wengine wana na mkopo umeshapitishwa, wamepata na fremu stendi ya Msamvu, ila hiyo namba hawana. Nimeandika haya kwa ajili yao. Nimeyapanga kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi kama ningeanza upya leo na fedha kidogo.

Hatua ya 1: Fungua daftari, ulijaze miezi mitatu

Kabla ya kuomba bei kwa mtu yeyote, nunua daftari la kaunta na kalamu. Kila kazi inayokuja iandike: tarehe, ni kazi gani, upana kwa urefu, imechapishwa kwenye kitu gani, nani amekuchapishia, umemlipa ngapi, umemtoza mteja ngapi. Ukurasa wangu wa zamani unasomeka hivi: "Fleksi ya mahafali, 3 x 2, kwa jamaa wa Dar, imekuja na basi la jioni. Stika za bajaji, maandishi tu, vipande 14. Kioo cha famasi, stika ya maziwa, 1.2 x 2. Bango la kanisa, 4 x 3, limechelewa, mteja kanuna."

Na ukurasa wa nyuma uandike kazi ulizozikataa kwa kukosa uwezo. Ukurasa huo una faida kuliko ule wa mbele. Kwangu mimi ndio ulionionyesha kwamba wateja wengi niliokuwa nawarudisha hawakutaka picha wala rangi nyingi. Walitaka maandishi ya kukata: jina la duka kwenye kioo, jina la kampuni ubavuni mwa gari, namba za milango ya hosteli.

Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu biashara hii ina misimu. Morogoro, wiki za kuelekea Nanenane mwezi wa nane kila taasisi inataka bango la banda lake. Novemba na Desemba ni mahafali ya vyuo. Februari unakaa unapiga miayo. Ukipima mwezi mmoja tu utajidanganya. Na mwezi wa kampeni za uchaguzi usiuhesabu kabisa. Nimeona watu waliokopa wakanunua printa kipindi cha kampeni, wagombea wakachapisha usiku na mchana, uchaguzi ukapita, fleksi zenye nyuso za wagombea zikageuka maturubai ya kuanikia mahindi, na mkopo ukabaki palepale.

Hatua ya 2: Nunua plota ya kukatia

Plota ni mashine yenye kisu kidogo kama ncha ya kalamu, kinachokata maandishi kwenye stika ya rangi bila kukata karatasi ya mgongoni. Haina wino, haina hedi ya kuziba, umeme wake ni mdogo hata ukilinganisha na pasi. Ikikaa wiki mbili bila kazi haikudai kitu. Kwa mtu anayeanza sijaona mashine yenye uvumilivu kama hii, na ndiyo maana nasema ianze yenyewe.

Sasa, plota hazifanani. Angalia mambo haya.

Upana. Muuzaji atakutajia namba moja, wewe dai mbili: upana wa stika inayoingia na upana ambao kisu kinafika. Roland GS-24, kwa mfano, inameza stika ya hadi milimita 700, lakini inakata milimita 584 tu. Stika za rangi za kukata zinauzwa zaidi kwa roli la sentimita 61 na la 122, kwa hiyo plota ndogo inatosha. Ila fikiria na kesho: stika nyeupe za kuchapishia huja kwa upana wa mita 1.27 na 1.52. Ile ya 1.27 ukiipasua katikati kwa urefu unapata sentimita 63.5, ambazo zinaingia vizuri kwenye plota ya kundi la sentimita 70 au 72, na hazitaingia kwenye ile iliyoishia 61. Tofauti ya bei ni ndogo. Chukua pana.

Mota. Za bei ya chini zina mota ya stepa, za juu zina sevo. Utazitofautisha kwa masikio: ya stepa inanguruma na kutetemeka kwenye mikunjo ya herufi, ya sevo inapita kimya. Lakini usinunue kwa masikio. Omba jaribio hili mbele yako: chora mstatili mwembamba wa urefu wa mita tatu, mashine iukate, kisha iukate tena juu ya mstari uleule. Ukiona mistari miwili badala ya mmoja, roli linatembea upande na mashine hiyo itakuharibia kila kazi ndefu. Muuzaji akisema stika ya kufanyia majaribio hana, nunua mita tatu mwenyewe. Ni fedha ndogo mno mbele ya hasara utakayoikwepa.

Jicho. Ukitaka baadaye kuchapa stika zenye picha na kuzikata kwa kufuata umbo lake, kama nembo za chupa za asali au stika za bodaboda, plota lazima iweze kusoma alama nyeusi zinazochapishwa pembeni mwa picha. Za bei nafuu zina taa nyekundu tu ambayo wewe mwenyewe unailenga kwenye kila alama kwa kubonyeza mishale. Kwa karatasi tano sawa, kwa karatasi 200 utalia. Tafuta yenye jicho linalosoma lenyewe. Ukishaipata, jua na udhaifu wake: stika iliyopakwa laminesheni (ngozi ya plastiki ya kulinda picha) ya kung'aa hulichanganya jicho, linaona mwanga badala ya alama. Dawa yake ni kipande cha selotepu isiyong'aa juu ya kila alama. Hilo sikulisoma kwenye kitabu cha mashine, nilifundishwa na dada mmoja wa Kariakoo aliyenikuta nimekata nembo 60 zote zikiwa zimehama milimita nne.

Kisu. Cha nyuzi 45 ndicho cha kazi za kila siku. Cha nyuzi 60 weka akiba kwa vitu vinene, kama stika ya kuakisi mwanga. Kukitega, usianze kwa kuongeza nguvu. Toa kishikio cha kisu kwenye mashine, kikamate kama kalamu, chora mstari kwa mkono kwenye kipande cha stika. Kikitoboa karatasi ya mgongoni, ncha imetokeza mno. Irudishe hadi iache mkwaruzo tu unaouhisi kwa ukucha. Ndipo uirudishe mashineni, uanze na nguvu ya gramu 80 hivi na kupanda taratibu. Kata pembetatu ndani ya mraba, ichomoe pembetatu: ikitoka safi na mraba ukabaki, umefika. Wengi wanaolalamika kwamba plota zao mbovu wamekata mpaka ukanda wa plastiki ulio chini ya kisu, na ukanda ukishakuwa na mifereji hakuna kisu kitakachokata sawasawa juu yake.

Pamoja na plota nunua karatasi ya kuhamishia maandishi yaliyokatwa, kijiko cha plastiki cha kusugulia chenye kitambaa upande mmoja, rula ya chuma ya mita moja, na meza. Meza iwe kubwa kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya printa, kwa namba zako

Niseme ukweli hapa: wasio na printa huleta kazi kwangu, kwa hiyo nina maslahi ukichelewa kununua. Ndiyo sababu sitaki uniamini mimi, amini hesabu.

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme unamlipa anayekuchapishia shilingi 8,000 kwa mita ya mraba. Ukichapa mwenyewe, fleksi na wino vinakugharimu 4,000. Basi printa inakuokolea 4,000 kwa kila mita. Faida unayompiga mteja juu ya hapo usiihesabu, maana hiyo unaipata hata sasa bila printa. Tuseme printa mpaka isimame dukani ikiwa na ulinzi wa umeme ni shilingi milioni 18, na kijana wa kuiendesha pamoja na umeme ni 600,000 kwa mwezi.

Ukichapa mita 200 kwa mwezi, umeokoa 800,000, ukitoa 600,000 unabaki na 200,000. Milioni 18 zitarudi baada ya miezi 90. Ni miaka saba na nusu, na hedi haitaishi hivyo. Ukichapa mita 400, unabaki na milioni moja, na fedha imerudi kwa miezi 18. Mita zimeongezeka mara mbili, muda umepungua mara tano. Ndiyo maana lile swali la mita ngapi kwa mwezi lina uzito kuliko aina ya mashine.

Daftari lako likisema mita 120, funga mjadala. Endelea na plota, fleksi peleka kwa wenzako. Dar tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 si safari tena, unakwenda asubuhi na mchana umerudi na kazi yako mkononi.

Hatua ya 4: Chagua upana na aina ya wino

Namba zikikuruhusu, swali linalofuata ni mita 1.6 au 3.2.

Printa ya 3.2 ni ya mabango makubwa ya barabarani na mapazia ya majukwaa. Inakula fleksi kwa kasi, lakini stika zenyewe zinaishia mita 1.52, kwa hiyo nusu ya mashine inakaa bure ukichapa stika. Wino wake mara nyingi ni solventi kali, yaani kimiminika kinachoilainisha plastiki ili rangi ishike: unadumu juani, na harufu yake inakutoa machozi. Inataka chumba chenye feni ya kutoa hewa nje, na inataka mlango. Jirani yangu mmoja alibomoa ukuta wa mbele wa fremu ili mashine iingie, mwenye nyumba akamdai ukuta. Pima mlango, pima kona ya korido, pima na ngazi, kabla hujalipa.

Kwa duka la mji wa kawaida mimi nasema 1.6 au 1.8 yenye wino wa eko-solventi, yaani solventi isiyo kali. Inachapa fleksi, stika nyeupe, stika ya matundu ya vioo vya magari, hata kitambaa chenye kipako. Bango la mita 3 kwa 2 utalichapa vipande viwili na kuunga, na mteja akitaka lisilo na mshono, lipeleke kwa mwenye 3.2. Usinunue mashine kwa ajili ya kazi inayokuja mara mbili kwa mwezi.

Eko-solventi ina jambo moja wateja hawapendi kulisikia: picha ikitoka inaonekana imekauka, kumbe kimiminika kingali ndani ya plastiki. Ukiiwekea laminesheni papo hapo, stika inajikunja kingo na gundi inalegea. Iache siku nzima, mbili ni bora, na usiiache ikiwa imevingirishwa kaza, ilegeze ipate hewa. Mteja akisema "nataka leo leo," mwambie bei ya leo ni bila laminesheni.

Wino wa lateksi hauna harufu na unalaminetiwa saa hiyohiyo, lakini hukaushwa kwa joto na joto ni umeme. Wino wa yuvi, unaokaushwa kwa taa, ni mzuri kwa vitu vigumu kama mbao, pespeksi na vigae, na bei yake ni ya watu walioshika soko tayari. Sitazirefusha hizo.

Kwa makadirio ya wino, eko-solventi shika mililita 10 kwa mita ya mraba. Lita moja, mita 100 hivi. Bango lenye usuli mweusi wote litazidi hapo.

Hatua ya 5: Uliza hedi, usiulize rangi ya bodi

Mashine nyingi za Kichina ni fremu, reli na bodi, na majina ubavuni ni mengi kama ya mabasi. Kinachozitofautisha kweli ni hedi, na hedi nyingi za daraja hili zinatengenezwa na Epson ya Japani.

XP600 ni ya bei rahisi. Asili yake ni printa ndogo ya nyumbani, ina nozeli (vitundu vya kutolea wino) 1,080, haikuundwa kwa ajili ya wino wa solventi, na kwa kazi za kila siku ukipata mwaka mmoja shukuru. Uzuri wake ni kwamba ikifa unainunua bila kuuza kiwanja. DX5 ina nozeli 1,440, ina picha nzuri, lakini sokoni zimejaa zilizofufuliwa na kuuzwa kama mpya. I3200 ina nozeli 3,200 na toleo lake la E1 Epson walilitengeneza kwa eko-solventi. Ni ya haraka na ya muda mrefu, na bei yake ukiisikia kaa kwanza. Kwenye printa za mita 3.2 utakutana zaidi na Konica 512i.

Ushauri wangu kwa anayeanza: XP600 moja au mbili, na bei ya hedi ya akiba iwe imetengwa tangu siku ya kwanza, isiguswe hata kwa ada ya mtoto. Ukifika mita 600 kwa mwezi ndipo i3200 inaanza kuwa na maana.

Hatua ya 6: Printa inayokata, au mbili tofauti?

Roland na Mimaki wanazo mashine zinazochapa na kukata ndani ya mwili mmoja. Ni nzuri sana, zinakata palepale picha ilipo bila kutafuta alama. Lakini fikiria siku ya kazi nyingi: ikiwa inakata, haichapi. Ikiharibika, umepoteza vyote viwili. Na kama nilivyosema, stika inatakiwa ipumzike na kulaminetiwa kabla ya kukatwa, kwa hiyo ule urahisi wa palepale unaupata tu kwa stika zisizo na laminesheni. Plota unayo tangu hatua ya pili. Baki nayo.

Ukitafuta mtumba wa Ulaya, Roland SP-300 na SP-540 bado zinapatikana. Ni ngumu kama mawe. Ila zinatumia hedi ya DX4, kwa hiyo uliza bei ya hedi hiyo kabla hujauliza bei ya mashine.

Hatua ya 7: Umeme, na ardhi iliyo chini yake

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia, na ni hatua inayorukwa kwa sababu haipendezi kwenye picha za ufunguzi wa duka.

Printa nyingi za mita 1.6 zina nyaya mbili za umeme: mmoja wa mashine yenyewe, mwingine wa hita za kukaushia. Hita ndizo zinazokula. Usiweke zote kwenye yupiesi moja (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), itazimika ndani ya dakika. Waya wa mashine upeleke kwenye yupiesi, ile ya kubadilisha umeme muda wote na si ile ya kompyuta ya dukani. Waya wa hita upitie stabilaiza. Umeme ukikatika, hita zinapoa lakini hedi inapata muda wa kurudi nyumbani kwake, kwenye kofia inayoifunika isikauke.

Kama huna yupiesi na umeme ukakatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi hewani na wino unaanza kukaukia kwenye nozeli. Zima swichi, sukuma kibebea hedi kwa mkono, polepole, mpaka mwisho wa kulia ilipo kofia, ukibonyeze kikae. Mfundishe hilo kila atakayebaki dukani, hata anayefagia.

Kisha ati, waya wa kwenda ardhini. Fleksi na stika zikisuguana na mashine zinatengeneza umeme tuli, ule unaokurusha ukigusa kitasa. Cheche moja ndogo inatosha kuua hedi. Muombe fundi umeme azamishe fimbo ya shaba nje ya duka, kwenye udongo wenye unyevu, na waya wake uje moja kwa moja kwenye mwili wa printa. Pima kwa mita kati ya nyutro na ati: ikizidi volti 3 hivi, usiwashe printa, mrudishe fundi. Kwenye fremu za kupanga mara nyingi utakuta tundu la tatu la soketi ni pambo tu, nyuma yake hakuna waya.

Hali ya hewa nayo. Printa inapenda nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa wastani, asilimia 40 hadi 60. Dar na Tanga shida ni unyevu, Dodoma ni ukavu na vumbi. Sisi huku chini ya Uluguru wakati wa masika fleksi inafyonza unyevu na kufanya mawimbi. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo cha bei ndogo. Kinunue kabla ya kiyoyozi, kikwambie kama kiyoyozi unakihitaji.

Hatua ya 8: Mtafute fundi kabla ya muuzaji

Zunguka kwa wenye printa mjini kwako na mji wa jirani. Waulize maswali mawili tu: nani anakutengenezea, na alipoitwa mara ya mwisho alikuja baada ya siku ngapi. Jina litakalotajwa na watu watatu, mpigie huyo. Muulize yeye anashika mashine gani na bodi gani ya kielektroniki ndani yake, Hoson, Senyang au BYHX, kisha nunua hiyo hata kama si uliyoiota. Mashine bora isiyo na fundi ni kabati.

Muuzaji mwulize kama dampa (vichujio vya wino juu ya hedi), kofia, waipa (mpira wa kufutia hedi) na pampu viko dukani kwake leo, si "vinakuja na kontena." Vione kwa macho. Uliza programu ya kuchapishia ni ipi na kama ufunguo wake wa yuesibii unakuja nayo, maana ufunguo huo ukipotea printa inakuwa fanicha. Kwangu umefungwa kwa kamba kwenye kompyuta.

Ukiagiza mwenyewe China, bei unayoiona Alibaba ni mwanzo wa hesabu. Ongeza nauli ya meli, bima, gharama za bandari, wakala wa forodha, na VAT ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Mpe wakala maelezo kamili ya mashine kabla haijapakiwa, printa zinaangukia kundi la 84.43 katika orodha ya forodha, na mwulize kama inahitaji cheti cha ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa. Kuyauliza mzigo ukiwa bandarini ni ghali.

Na ukinunua ya mkononi, sikiliza yaliyonikuta. Printa yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu Dar. Nilifika saa tano asubuhi, nikaikuta imewashwa, karatasi ya testi ya nozeli imeshatoka, mistari yote imesimama kama askari wa gwaride. Nikalipa. Ilipofika Morogoro siku ya pili yake, nyeusi nusu nzima haikuwepo. Kumbe hedi ilikuwa imelazwa kwenye dawa ya kusafishia usiku kucha. Muuzaji nilipompigia akaniambia, "Mbona kwangu ilikuwa nzima, kaka?" Na kweli, kwa saa zile ilikuwa nzima.

Siku hizi nikisindikiza mtu kununua, tunafika bila kuaga, asubuhi kabla duka halijafunguliwa, mashine iwashwe tukiiona. Inatoa testi ya kwanza. Kisha tunachapa mita moja ya kila rangi, imejaa kabisa, samawati, waridi, njano, nyeusi. Halafu testi ya pili. Mistari ikipungua kati ya ya kwanza na ya pili, hedi inakosa wino wa kutosha: dampa zimeziba, au pampu imechoka, au hedi yenyewe inaaga. Bei ishuke au tuondoke.

Za mwisho kwa ufupi

Printa za DTF za fulana, zinazochapa kwenye filamu kisha picha ikahamishiwa fulanani kwa pasi, zimewapagawisha watu. Wino wake mweupe una unga mzito unaotulia chini, kwa hiyo mashine inataka kuchapa kila siku ya Mungu. Kama fulana zako ni 30 kwa wiki, nunua filamu iliyokwisha chapwa kwa mita, wewe uwe na mashine ya kupigia pasi tu.

Leza inakata pespeksi na kuacha ukingo unaong'aa kama kioo. Lakini usiiwekee stika wala foreksi, ule ubao mwepesi wa plastiki. Vyote hivyo ni PVC, na PVC ikiungua inatoa hewa yenye klorini: inaharibu mapafu yako, na inaitia kutu leza kuanzia reli hadi lenzi. Foreksi na alukobondi (bamba la alumini lenye plastiki katikati) ni kazi ya CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta.

Wiki ya kwanza dukani

Printa ikisimama, usipokee kazi ya haraka wiki nzima. Chapa majaribio kwenye fleksi unayoitumia kweli, na wino ulioanza nao usiuchanganye na wa kampuni nyingine hata kama ni nusu ya bei. Kila asubuhi testi ya nozeli, iandikwe tarehe na kutundikwa kwenye msumari. Ukiwa na karatasi 30 hapo utaona ugonjwa unavyoanza kabla haujafika kwenye bango la mteja.

Kila jioni futa ukingo wa kofia kwa kijiti cha sponji na dawa, weka matone machache ndani ya kofia, rudisha hedi ilale hapo. Jumamosi fanya hivyo mara mbili. Siku hedi ilipofungwa iandike kwa maka peni kwenye bamba la mashine. Namba ya fundi iandike ukutani juu ya swichi, si kwenye simu yako, maana siku printa itakapogoma wewe utakuwa msibani Ifakara na dukani atakuwepo mdogo wako.